Redio Hii ni ya Nani?

Ndugu msomaji, leo naomba nikuulize swali ambalo ukilisikia kijiweni unaweza kulicheka. Mtu akinunua gari, redio iliyomo ndani ni ya nani?

Najua utajibu chapuchapu: ni ya kwake, si katoa hela? Kadi ya gari ina jina lake, bima kalipa, mafuta anatia yeye. Haya, nimekubali. Lakini redio yenyewe ni ile iliyokuja na gari toka kiwandani. Ina kitufe cha AM, ina kitufe cha FM, ina mdomo wa kumezea kaseti, basi. Nyimbo anazozipenda mwenye gari zimo kwenye simu. Ana waya mkononi, ule wenye pini ndogo ya milimita 3.5 kama ya hedifoni. Anaikagua redio kushoto, anaikagua kulia, hapaoni pa kuchomeka. Redio hiyo inamsikia mtangazaji aliyeko kilomita 20, na kaseti inaisikia, ila huyu aliyeketi mbele yake, aliyeitolea pesa, haina sikio la kumsikilizia.

Njia ipo. Fundi anaweza kuifungua, akalehemu nyaya tatu, akatoboa tundu dogo kwenye uso wake na kuandika pembeni AUX. Basi swali langu ni hili: tunapokifungua kitu ambacho aliyekitengeneza alikifunga, tunatumia haki yetu au tunavuka mpaka? Na tukishakifungua, tunadaiwa nini?

Mjomba wangu ni dereva wa siku nyingi, na kwake jibu ni moja tu. "Kitu cha kampuni hakiguswi, mjomba," huniambia. "Wale waliokaa wakaiunda unadhani wajinga? Wangetaka iwe na tundu, si wangetoboa wenyewe?"

Maneno hayo yana uzito, na mimi siyapuuzi. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Nimewahi kushinda kutwa nzima kwa fundi mmoja pale Ilala, nikaiona redio ya gari ikiwa imevuliwa kifuniko. Ndani ni mji mzima: mitaa ya shaba, vichochoro, vinara vya kapasita vimesimama kama matangi ya maji juu ya paa. Kuna mtu alikaa mezani akaupanga mji ule, kila mtaa una sababu yake. Anayeingia humo na bisibisi bila adabu anastahili kulaumiwa.

Hata hivyo, heshima ni jambo moja na kuabudu ni jambo jingine. Hilo neno "ya kiwandani" tusilifanye mungu. Magari yalipoanza kuundwa hayakuwa na redio kabisa. Mwaka 1930 kampuni moja ya Chicago, ya ndugu wawili wa ukoo wa Galvin, ilianza kuuza redio ya kufunga kwenye gari na kuiita Motorola. Baadaye jina hilo likawa la kampuni yenyewe. Redio ile ilinunuliwa mbali, ikaletwa kwenye gari lililokwisha kutoka kiwandani, na fundi akatafuta pa kupitisha nyaya na pa kufunga spika. Naam, redio ya gari yenyewe ilianza kama nyongeza! Kaseti nayo, ambayo Philips waliitoa mwaka 1963, haikuzaliwa ndani ya dashibodi. Iliingia humo baada ya watu kuitaka. Kinachoitwa leo cha kiwandani, jana kilikuwa ubishi wa mtu ambaye hakuridhika na alichopewa.

Tena tuangalie mambo ya hapa hapa kwetu. Magari mengi tunayoyaona Barabara ya Morogoro yalitembea kwanza Japani ndipo yakashushwa bandarini. Redio zake ziliundwa kwa ajili ya Mjapani. Kwao, kwa miaka mingi, FM ilianzia megahezi 76 ikaishia 90. Miaka ya karibuni wakaiongeza hadi 95. Kwetu stesheni zinapanda hadi 108. Basi mtu analeta gari, anazungusha kitufe, anaambulia stesheni mbili tatu za chini na kwingine kote kimya. Dawa yake kila fundi anaijua: kijiboksi kinachofungwa kati ya antena na redio ili kushusha masafa. Kikishusha kwa 20, stesheni iliyoko 100 utaikuta 80.

Sasa niambie, nani amewahi kuulizwa kama kijiboksi kile ni dhambi? Mjomba mwenyewe anacho. Aliyeiunda redio ile hakuwa mjinga, la hasha, ila hakutujua. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja kazi yake itasikilizwa kwenye foleni ya Ubungo, chini ya jua la Februari, na kijana ambaye hata kuandika jina la mji ilikotoka hawezi. Hekima yake ilikuwa kamili kwa mtu aliyemkusudia. Sisi tumeirithi pamoja na mipaka yake.

Tena mipaka hiyo si yote ni hekima. Mingine ni biashara tu. Mara nyingine gari la bei ya chini na la bei ya juu hupewa redio za ndugu mmoja, ila ile ya bei ya chini imenyimwa plagi nyuma. Ukifungua unaona nafasi ya plagi imechorwa kwenye bodi, vitobo vipo, plagi hakuna. Hapo mtu akikuambia "wangetaka wangeweka", mjibu kwamba walitaka, wakangojea uongeze pesa.

Sasa tuje kwenye umiliki wenyewe. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika makala iitwayo "Mali ya Taifa", akiuliza mtu anapataje kusema kipande cha ardhi ni chake. Hoja yake, kwa maneno yangu mimi, ni kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa wote. Mtu anapoifyeka, jasho lake ndilo linalompa haki juu ya lile shamba alilolifyeka, na haki hiyo hudumu maadamu anaendelea kulishughulikia. Hati peke yake haimpi mtu ardhi.

Najua redio si ardhi. Redio haikuumbwa na Mungu, iliundwa na watu waliolipwa mshahara. Lakini hoja ile inatufaa hivi: pesa inakupa kitu mkononi, matumizi na jasho ndivyo vinavyokifanya kiwe chako. Kitu ulicholipia lakini huruhusiwi kukifungua, kukitengeneza wala kukiongezea, umekikodi kwa muda mrefu tu, hata kama risiti inasema umenunua.

Wapo watakaosema natia chumvi. Basi tutazame Marekani. Kule sheria ya hakimiliki ya mwaka 1998 ilikataza kuvunja kufuli za kielektroniki zinazolinda programu. Mwaka 2015 ulitolewa msamaha, kwamba mwenye gari anaweza kuzigusa programu za gari lake ili alitengeneze au alibadilishe. Lakini msamaha huo uliruka programu za burudani na mawasiliano. Yaani injini unaweza, redio uiache! Mwaka 2018 ndipo kizuizi hicho kikalegezwa kiasi. Unaona? Swali langu la kijiweni limewakalisha wanasheria mezani miaka na miaka.

Na hapa kwetu kufuli hizo tunazo, zimekuja na magari. Kuna redio zenye ramani zilizotoka Japani ambazo betri ikifa au ikibadilishwa, zinajifunga. Kioo kinataka kadi ya ramani ambayo ilishapotea zamani, au kinataka namba ya siri ambayo mwenye gari hajawahi kuiona maishani mwake. Amenunua gari kwa halali, kalitolea ushuru, kisha mashine iliyomo ndani ya gari lake inamwuliza: wewe nani?

Hapo ndipo hoja yangu inapokutana na kisiki, na sitaki kukikwepa. Kufuli ile haikuwekwa kwa roho mbaya. Iliwekwa kwa sababu ya wezi. Mjini hapa nani asiyejua habari za gari kulala na redio na kuamka na shimo? Ukiwafundisha watu kufungua redio, unamfundisha mwenye gari na mwizi kwa pamoja. Bisibisi haina dini.

Nilimwuliza fundi yule wa Ilala jambo hili. Akacheka, akaendelea kulehemu. Kisha akasema: "Redio iliyokuja ndani ya gari lake nafungua. Iliyokuja kwenye begi, namwambia bosi hayupo." Bosi ni yeye mwenyewe! Lakini ukiyatafakari, maneno yale yana maadili kuliko vitabu vingi. Hakusema kufungua ni kubaya wala hakusema ni kuzuri. Alisema kitu kiletwe na mtu anayeweza kukisimamia, mbele ya macho ya watu, ndani ya gari lake. Ubaya wa mwizi hauko kwenye ujuzi wake. Uko kwenye kutotaka kuulizwa.

Basi tuingie kwenye kazi yenyewe, maana humo nilijifunza zaidi ya nilivyotarajia. Hedi ya kaseti hutoa umeme kiduchu mno, ndiyo maana unapitishwa kwanza kwenye amplifaya ndogo. Umeme unaotoka kwenye simu ni mkubwa kuliko ule mara nyingi. Ukiunga waya wa simu pale kwenye hedi, sauti itakwaruza kama mtu anayeimba ndani ya debe. Lazima utafute mahali baada ya amplifaya ile ya kwanza, kabla sauti haijafika kwenye kitufe cha kupandishia. Pale ndipo zinapolehemiwa nyaya tatu: wa kushoto, wa kulia, na ethi. Kwenye nyaya mbili za sauti unaweka kapasita, ili umeme usiohusika wa redio usirudi ukaiunguza simu ya watu.

Bado kuna kioja. Redio haitafungua njia ile mpaka iamini kwamba kaseti imo. Basi fundi anatumbukiza kaseti tupu, isiyo na wimbo, izunguke humo kama kipofu huku muziki ukitoka kwenye simu. Redio inadanganywa. Niliuliza, je, huo ni uongo? Nimeliwaza sana swali hilo. Naona uongo unahitaji mtu anayepunjwa. Mashine haipunjwi kitu, na mwenye mashine ndiye aliyeagiza. Lakini gari lile likiuzwa kesho bila mnunuzi kuambiwa, hapo uongo unazaliwa, na safari hii kuna wa kupunjwa.

Kioja cha pili ni mlio. Umemaliza kazi, umewasha gari, umechomeka simu kwenye chaji ya kiberiti cha gari, na ndani ya wimbo kuna mluzi mwembamba. Ukikanyaga mafuta, nao unapanda. Huo unatoka kwenye altaneta. Umepitia kwenye ethi za nyaya zako, ukaingia bila kubisha hodi. Dawa yake ni kijitransfoma kinachotenganisha simu na redio. Mimi pale niliona somo. Ukitoboa tundu ili sauti yako iingie, umetoboa pia kwa ajili ya sauti usiyoialika. Mlango hauchagui mgeni. Mwenye mlango ndiye achague.

Mwingine atasema, kwa nini kujitesa hivyo? Si kuna vile vidude vya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, vinarusha wimbo kwa FM, na redio haiguswi? Sawa, ni vitamu na ni rahisi. Ila kwenye foleni, jirani yako anayesikiliza taarifa ya habari kwenye masafa yale yale anaweza kusikia taarifa yake ikimezwa na taarabu yako. Umeiheshimu redio yako, umeigusa ya mwenzako. Kutokugusa kitu hakumfanyi mtu kuwa msafi.

Hapo ndipo nilipofika kwenye kiini cha haya yote. Tanzania Bara, hadi sheria ya utangazaji ya mwaka 1993, ilikuwa na sauti moja hewani, Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 1994 ikaja Radio One, na wengine wakafuata. Wazee wetu walikaa miaka mingi wakisikiliza walichopewa. Ilikuwa na ubaya wake, sote tunaujua. Lakini ilikuwa na raha moja ya siri: usichokipenda, lawama ni ya mtangazaji. Wimbo mbaya ni wake, habari mbovu ni yake. Wewe ni msikilizaji tu, huna kosa.

Waya wa AUX unaiondoa raha hiyo. Kinachotoka kwenye spika sasa umekichagua wewe. Na gari lina watu. Jicho lina kope, sikio halina. Abiria wa teksi hawezi kufumba masikio, mtoto wa kiti cha nyuma hawezi, bibi anayepelekwa hospitali hawezi. Ukiweka matusi, ni matusi yako. Ukipandisha sauti mpaka vioo vinatetemeka, huwezi kusema ni kituo. Mchuma janga hula na wa kwao, na ndani ya gari wa kwao ni kila aliyepanda.

Tena kuna deni kubwa zaidi, na hili vijana wenzangu hatupendi kuambiwa. Tumesema jasho ndilo linalompa mtu haki. Vizuri. Sasa ule wimbo unaopita kwenye waya ni jasho la nani? Kuna aliyekesha studio, kuna aliyepiga gitaa, kuna aliyeandika maneno. Sisi tunauchukua kwa kunakiliana, flashi hadi flashi, hata senti haiendi kwake. Sheria ya hakimiliki tunayo, ile ya mwaka 1999, lakini niache sheria, nizungumzie haki. Huwezi kudai kwa mdomo mmoja kwamba redio ni yako kwa sababu umeitolea jasho, halafu kwa mdomo ule ule ukala jasho la mwimbaji bure. Hoja ikikufaa kwa redio, ikubane na kwa wimbo.

Kwa hiyo nakubaliana na mjomba nusu, na nusu nampinga. Nampinga kwamba kitu cha kampuni hakiguswi. Kinaguswa. Nakubaliana naye kwamba si kila mkono unafaa kukigusa. Nyongeza njema, kwa nilivyoiona mezani kwa fundi yule, haiui kilichokuwepo: FM iendelee kuimba, kaseti iendelee kuzunguka, uso wa redio usibaki na donda. Anayependa awe na simu yake, lakini asiizibe FM moja kwa moja, maana mtu anayesikiliza alichokichagua mwenyewe tu, siku zote, mwisho wake anasikiliza mwangwi wake. Na kazi ifanyike hivi kwamba anayekuja baadaye akifungua aweze kuelewa: nyaya zimefungwa vizuri, pembeni kumeandikwa, na siku ya kuuza mnunuzi aambiwe.

Sisi tunaojaribu kuandika tunayajua mambo haya kwa njia nyingine. Lugha tumeikuta imeshaundwa, na walioiunda ni mafundi wakubwa. Hadithi tulizosomeshwa shuleni zilikuwa na vitufe vyake, na maisha ya foleni, ya chumba cha kupanga na ya ajira isiyoonekana hayakuwa na pa kuchomekwa. Tukingoja tutobolewe tundu, tutazeeka. Lakini tukitoboa, tusije tukasema maneno yaliyotoka ni ya wakati, au ya mtaa, au ya vijana wa siku hizi. Yatakuwa yetu.

Na wakati sisi tunahangaika kutoboa, wengine wanaziba. Mwaka 2016 ilitoka simu ya iPhone 7 haina tundu la pini ile ya milimita 3.5, na simu nyingine nyingi zikafuata. Magari mapya nayo mengi hayana tena. Watatuambia Bluetooth inatosha, na pengine kweli inatosha. Ila ukikagua kitu kipya dukani, msomaji mwenzangu, usiulize tu kinatoa sauti gani. Uliza kinafunguliwa wapi. Kisha jiulize na wewe, kikishafunguka, utakuwa tayari kuulizwa kwa kila kitakachotoka humo? Kama jibu ni ndiyo, basi mimi sina ubishi. Redio ni yako.